Tulipoacha kutafuta maji baridi

Mapezi ya kiyoyozi chetu cha kwanza, vile vibati vyembamba vinavyotoa joto nje, yalimeguka mkononi mwangu kama kachri. Nilikuwa nimepanda ngazi nyuma ya jengo, hapa Malindi, upande unaotazama bahari, brashi mkononi, nia yangu kuyasafisha tu ili kile chombo cha nje kipate kupumua. Alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe. Kiyoyozi chenyewe hakikuwa kimemaliza hata miaka mitatu. Anayedhani chumvi ya hewani ni kitu kidogo na aende Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, atazame mabati ya nyumba za pale.

Ndani kulikuwa na seva 4, yaani kompyuta kubwa za kazi nzito. Ofisi yetu huchakata picha za setilaiti: mikoko, fukwe zinazoliwa na mawimbi, tope la mto Sabaki linavyotapakaa baharini mvua ikinyesha bara. Malindi na setilaiti wamejuana zamani. Ni hapo Ngomeni ambako Waitalia waliirusha Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza kupelekwa angani kwa kazi ya miale ya eksirei peke yake. Ila picha za siku hizi ni nzito. Kila seva yetu ina kadi 4 za grafiki, na kila kadi ikiwa kazini kikamilifu hula wati 300. Ongeza prosesa 2, kumbukumbu, diski na feni, unafika wati 2,000 kwa seva moja. Seva 4 ni kilowati 8. Ni kama kuwasha pasi 8 katika chumba cha kulala mtu mmoja, kisha ukafunga dirisha.

Nilikabidhiwa chumba hicho nikiwa nimetoka kwenye kazi ya vyumba vya barafu vya samaki, kwa hiyo joto na baridi si vitu vigeni kwangu. Mita niliyoifunga kwenye laini ya viyoyozi ilisoma kilowati 3.4 mchana wa Februari, kaskazi ikiwa imetulia na hewa imesimama. Maana yake, kwa kila shilingi 10 za stima zilizofanya kazi ya maana, shilingi 4 na senti zake zilikwenda kutoa joto nje. Na bado kadi zilifika nyuzi 84 na kuanza kujipunguzia kasi zenyewe. Tulikuwa tunalipia baridi ambayo haifiki inakotakiwa.

Hapo ndipo lilipokuja wazo la maji. Hesabu yake ni nyepesi na ningependa kila fundi wa vyumba vya seva aibebe kichwani. Ujazo uleule wa maji na wa hewa, ukiupandisha nyuzi zilezile, maji hubeba joto mara 3,500 hivi zaidi. Lita 1 ya maji ikipita kwa dakika na kupanda nyuzi 10, imeondoka na wati 700. Basi seva yetu moja, ambayo wati 1,600 zake hutoka kwenye chipu kubwa, zile za kadi na prosesa, inahitaji lita 2 na robo kwa dakika. Bomba la jikoni lililofunguliwa nusu hutoa zaidi ya hapo. Wala si jambo jipya: kompyuta ya Cray-2, mwaka 1985, bodi zake zilizamishwa kabisa ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Leo raki moja, yaani kabati la seva, ya Nvidia ya GB200 NVL72, yenye chipu 72 za grafiki, hula takriban kilowati 120, na hakuna feni itakayoimudu hiyo.

Tulinunua sahani za shaba za kukalia juu ya chipu, mipira ya kupitisha maji, pampu, na mashine ya kupoza maji yenye kompresa. Aliyetuuzia alisema tuiweke nyuzi 15. Nami, mtoto wa vyumba vya barafu, niliona ni sawa kabisa. Maishani mwangu mote baridi zaidi ndiyo ilikuwa kazi nzuri zaidi. Tukawasha. Kadi zikashuka hadi nyuzi 37. Mkubwa wetu alipiga picha ya skrini akaituma kwa kila mtu.

Tulikaa na furaha hiyo miezi miwili.

Usiku wa saa 8 mlinzi akanipigia simu. "Dada, stima imekatika, jenereta imewaka, lakini chumba chako chachemka. Nimefungua mlango na dirisha kipate hewa." Nikamshukuru, nikavaa, nikachukua bodaboda. Jenereta yetu ilikuwa ndogo: ilibeba seva, pampu na ile mashine ya kupoza maji, ikaviacha viyoyozi. Nilipoingia nilisikia kwanza sauti, ti, ti, ti, kama bati baada ya mvua. Nikawasha tochi ya simu. Kila mpira ulikuwa umevaa jasho. Kwenye kiwiko cha shaba juu ya seva ya pili tone lilikuwa linanenepa, likatikisika kidogo, likaanguka katikati ya kadi. Jingine likaanza palepale. Nilizima kila kitu kwa swichi kubwa, lakini madabodi moja, ile bodi kuu ya seva, ilikuwa imeshakufa, na kadi moja ikaifuata baada ya wiki.

Mlinzi alidhani ameniharibia. Nilimwambia usiku uleule, na ninalirudia hapa: alifanya anachofanya mtu yeyote wa pwani chumba kikipata joto. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa limekaa pale miezi miwili likingoja stima ikatike. Viyoyozi vilipokuwa vinafanya kazi vilikausha hewa ya chumba, ndiyo maana maji ya nyuzi 15 hayakuleta neno. Mlango ulipofunguka ikaingia hewa ya Malindi yenyewe. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 humwaga umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24. Chupa ya soda ikitolewa frijini na kuwekwa mezani hutuonyesha jambo hilo kila siku, na mimi nilikuwa nimejaza seva zangu chupa za soda.

Asubuhi yake nilikwenda ufukweni kumtafuta Ami, ndugu yake marehemu baba, anayetengeneza injini za boti. Nilikuwa nataka kuazima pampu tu. Nikamwamkia shikamoo, akaniuliza mbona macho mekundu, nikamweleza yote. Alikuwa ameifungua injini ya boti ya uvuvi, mikono myeusi kwa oili.

"Hayo maji wayapoza ya nini mwanangu?" aliniuliza. "Injini haitaki baridi. Injini yataka joto lisimame mahali pamoja."

Akanionyesha. Boti ile ina maji ya aina mbili. Ndani ya injini yanazunguka maji baridi, na hapa watu wa bara wanielewe vizuri: sisi wa pwani twasema maji baridi kwa maji yasiyo chumvi, hata yakiwa yametokota. Yale maji baridi ya ndani yana nyuzi 80. Nje yake, kwenye mirija mingine, hupita maji ya bahari, hulipokea joto na kulirudisha baharini. Mizunguko miwili haigusani, joto tu ndilo linalovuka ukuta. Na upande wa bahari Ami alikuwa amefunga vipande vya zinki ili chumvi iitafune zinki kwanza na kuiacha shaba.

Nilitazama ile injini muda mrefu. Chipu yangu huanza kuumia karibu na nyuzi 85. Kwa kitu chenye joto hilo, maji ya nyuzi 38 ni baridi kabisa. Kwa nini nilikuwa ninayashusha hadi 15?

Niliporudi ofisini nikasoma usiku tatu mfululizo. Nikakuta kwamba wenzetu walishalijua hilo. Zurich, mwaka 2010, kompyuta ya Aquasar ilipozwa kwa maji ya hadi nyuzi 60, na joto lake likapelekwa kupasha majengo. Garching, karibu na Munich, SuperMUC ilizinduliwa mwaka 2012 ikipozwa kwa maji ya uvuguvugu. ASHRAE, jumuiya ya wahandisi wa joto na hewa ya Marekani, wamepanga madaraja ya maji yanayoingia kwenye vifaa: W17, W27, W32, W40, W45, na namba ni nyuzi za juu zinazoruhusiwa. Wale walitafuta maji ya moto ili wasipoteze joto wakati wa baridi yao. Sisi hatuna baridi, tuna unyevu. Lakini dawa ni ileile.

Nao unyevu wenyewe ulinipa kinga ambayo sikuitarajia. Maji yakipozwa kwa hewa ya nje peke yake, kupitia rejeta kubwa yenye feni, hayawezi kushuka chini ya joto la hewa hiyo. Na kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo kitu kikiwa chini yake hewa humwaga umande juu yake, hakiwezi kamwe kupanda juu ya joto la hewa hiyohiyo. Basi maji hayo hayatavaa jasho, mlango uwe wazi au umefungwa, stima iwepo au isiwepo. Hakuna sensa inayolinda hapo, wala programu. Ni maumbile tu. Niliposhika jambo hilo nilisimama nikatembea chumbani peke yangu.

Tukaiuza mashine ya kompresa.

Kabla ya kununua rejeta kulikuwa na mjadala wa mnara wa kumwagia maji, ule unaopoza kwa kukausha. Nyumba zetu zinajua kazi hiyo: mtungi wa udongo huvuja kidogo, upepo hukausha, maji ya ndani hupoa. Ungetupa maji yenye nyuzi chache pungufu, hilo ni kweli. Lakini kila lita inayokauka huchukua kilojuli 2,400 hivi, kwa hiyo kilowati 6.4 zetu za chipu zingekausha lita 230 kwa siku, mitungi 11 na nusu ya lita 20. Nimeona akina mama wa Malindi wakipanga foleni ya maji tangu alfajiri mabomba yakikauka. Kuyarusha angani maji ya kunywa ili picha zangu ziishe dakika 5 mapema sikuona haki, nilisema hivyo kwenye kikao na ningesema tena. Zaidi ya hayo, maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe na yamebeba chokaa na chumvi. Yakikauka, vyote hivyo hubaki.

Rejeta tukaichagua ya mirija ya shaba na mapezi yaliyopakwa rangi maalumu ya kukinza chumvi. Kuiweka ndiko kulikonifundisha. Mara ya kwanza iliwekwa kwenye uchochoro kati ya majengo mawili, mahali pa kivuli, na kila mtu akasema pazuri. Kusi ilipovuma ikafanya kazi safi. Kaskazi ilipoingia, hewa moto iliyotoka kwenye feni ikagonga ukuta wa jirani na kurudi kuvutwa tena. Kipimajoto cha bustani kilisoma nyuzi 31. Nilipokiweka mdomoni mwa rejeta kikasoma 37. Nyuzi 6 nzima tulizipoteza kwa ukuta. Tukaihamishia juu ya paa, mita 1 na nusu kutoka kila kizuizi, ikitema hewa kwenda juu. Kila Ijumaa kabla ya saa 4 asubuhi huoshwa kwa maji baridi ya bomba, lita 10 zinatosha, kutoa chumvi. Mapezi yake hadi leo yanapinda kidogo ukiyabonyeza, hayameguki.

Sasa nije kwenye jambo ninalolithamini kuliko yote niliyojifunza, nalo ni pengo.

Wengi hutazama joto la chipu. Likiwa 60 wanasema vyema, likiwa 70 wanaingiwa na hofu. Lakini hapa kwetu joto la chipu hupanda na kushuka na jua. Mchana wa Machi maji yetu huingia kwenye seva yakiwa nyuzi 38, usiku wa Julai tunayashika 32 kwa kupunguza feni. Ukitazama chipu peke yake huwezi kujua kama ni hali ya hewa au ni ugonjwa. Kinachosema kweli ni tofauti kati ya chipu na maji yanayoingia, kazi ikiwa ileile. Sisi tunaiita pengo. Ndani ya pengo yamo yote: pesti ya joto kati ya chipu na sahani, unene wa shaba, kasi ya maji, uchafu kwenye mifereji. Seva zetu zikiwa na afya, kadi za wati 300 zina pengo la nyuzi 22. Maji 38, chipu 60. Maji 32, chipu 54. Pengo halijali jua.

Nilinunua daftari la hesabu la shule, la mraba mraba, nikachora safu 4. Saa 3 kila asubuhi, jaribio lilelile la dakika 10, kisha kuandika. Kijana ninayefanya naye kazi aliniambia kompyuta inaweza kuyaandika yenyewe. Kweli, na sasa inaandika. Lakini mkono unaoandika 22, 22, 22, 23 hustuka mapema kuliko jicho linalopitia skrini.

Seva ya tatu ilikwenda 22, 24, 27. Baada ya miezi minne ikafika 33. Chipu ilikuwa 71, na hakuna king'ora kilicholia, kwa kuwa 71 si hatari. Kompyuta ilikuwa haina habari yoyote. Daftari lilikuwa linalia.

Tukaizima na kuifungua sahani. Ndani ya sahani ya shaba kuna mifereji iliyochongwa karibu karibu, imepangana kama meno ya chanuo la chawa, nafasi kati ya jino na jino haipishi hata ukucha. Nilitarajia kuona shaba inayong'aa. Theluthi nzima upande wa kuingilia ilikuwa imefunikwa na ute wa kijani uliochanganyika na ukoko mweupe, na ndani ya ute huo nyuzinyuzi za uzi mweupe. Nilizivuta kwa sindano. Zilikuwa ni ile tepu ya mafundi wa bomba ya kuzungushia maungio. Vipande vyake vilikatika, vikasafiri, vikanasa mlangoni, na kila kilichokuja nyuma kikanasa juu yake. Ukoko mweupe niliujua kwa macho. Birika la chai la kila nyumba ya Malindi linao. Waliotufungia mfumo walikuwa wameujaza maji ya kisima yaliyopitishwa kwenye chujio la kawaida. Ute ulikuwa vijidudu, bakteria, waliofurahia uvuguvugu.

Tuliziloweka sahani kwenye maji yenye asidi ya ndimu, ile ya unga, tukazisugua kwa brashi laini ya mtoto, tukazisuuza kwa maji yaliyokenekwa mara tatu. Kijana wangu alishika sahani kwenye mwanga wa dirisha, akapuliza upande mmoja, nami nikaweka shavu upande wa pili mpaka niliposikia pumzi imepita sawasawa kote. Tulipofunga tukaweka pesti mpya, nyembamba, na kukaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Pengo likarudi 22.

Baada ya hapo hatukurudisha tone la maji ya kisima. Mfumo una maji yaliyokenekwa yenye asilimia 25 ya glikoli ya propilini, pamoja na dawa za kuzuia kutu. Watu huniuliza glikoli ya nini pwani, ambako maji hayagandi. Jibu ni wale vijidudu: kwa kiwango hicho hawazaliani vizuri. Glikoli hulipisha ushuru wake, kwani mchanganyiko huwa mzito kidogo na hubeba joto pungufu kidogo ya maji matupu, lakini ushuru huo naulipa kwa moyo mweupe. Na kabla ya sahani tumeweka filta ya mikroni 50. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kununua tena, ningechagua filta kabla ya pampu kubwa.

Kuna na habari ya alumini. Kiungo kimoja tulicholetewa kilikuwa cha alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Ami ndiye aliyekigundua alipokuja kutazama kazi. Alikikwaruza kwa kisu kikatoa weupe. "Shaba na alumini haziwekwi kwenye maji mamoja," alisema, "moja itamla mwenzake." Tulipokitoa, ndani kilikuwa kimetobokatoboka kama kuni iliyoliwa na mchwa. Kingevuja wiki chache baadaye.

Kuhusu mwendo wa maji nilikuwa na ujinga mwingine, wa kuunganisha seva moja baada ya nyingine kwa mnyororo. Ya nne ilipokea maji yaliyokwisha kupashwa na dada zake watatu. Tukazigawa sambamba, kila moja na mlango wake, na hapo ya kwanza, iliyo karibu na pampu, ikanywa zaidi ya haki yake na ya mwisho ikabaki na kiu. Dawa haikuwa pampu kubwa. Ilikuwa kupanga mabomba hivi: anayepokea wa kwanza awe wa mwisho kurudisha. Njia ya kila seva ikawa na urefu uleule, na maji, ambayo hutafuta njia nyepesi, hayakuona pa kupendelea.

Ndipo nikaipunguza pampu. Hili sikuliamini mpaka nilipolifanya kwa mkono wangu. Nguvu inayoliwa na pampu hufuata mchemraba wa kasi yake: punguza kasi kwa asilimia 20, matumizi yanashuka karibu nusu. Na pengo letu likatoka 22 kwenda 23. Nyuzi moja tu. Maji mengi mno hayaongezi faida kubwa, kwani kizuizi kinakuwa kimehamia kwenye shaba na pesti. Feni za rejeta nazo ni vivyo hivyo, na usiku tunaziendesha polepole kiasi kwamba mlinzi hudhani zimezimwa.

Tulijaribu pia kwenda juu zaidi, maji ya nyuzi 45, kwa siku mbili. Kila kitu kilifanya kazi, lakini kadi zikaanza kula umeme zaidi kwa kazi ileile. Chipu ikipata moto huvuja umeme ndani yake. Tulichookoa kwenye feni kilipotelea hapo. Tukarudi 38 mchana, chini ya hapo jua likishuka.

Mkubwa wetu alitaka viyoyozi vyote viondoke. Nilimwomba abakishe kimoja kidogo. Maji yanachukua joto la chipu kubwa tu. Kumbukumbu, diski na vifaa vya umeme bado hutoa wati 1,200 hivi hewani, na chumvi ya nje sitaki iingie kwenye madabodi. Chumba sasa kiko nyuzi 27, na mtu anaweza kufanya kazi humo bila sweta.

Mita zangu leo zasoma hivi: pampu wati 60, feni za paani 250 saa 8 mchana, kiyoyozi kidogo 500. Jumla wati 810, kutoka 3,400. Ile namba inayotumiwa sana, jumla ya umeme wa jengo kugawanya kwa umeme wa seva, imetoka 1.43 hadi 1.11. Ila namba hiyo ina kasoro nisiyoweza kuinyamazia. Tulipotoa feni nyingi za ndani ya seva, matumizi ya seva yenyewe yalishuka kutoka kilowati 8 hadi 7.6. Feni hizo huhesabiwa kama seva, kwa hiyo akiba hiyo halisi huifanya namba ionekane mbaya kidogo badala ya nzuri. Anayetaka kujua kweli na asome mita ya jumla, na ahesabu picha ngapi zimechakatwa kwa uniti moja ya stima.

Ami alipita Jumanne, akitoka msikitini. Aliweka kiganja kwenye mpira wa kurudi, akakishikilia.

"Wa moto huu," alisema. "Na chipu?"

"Sitini na moja, Ami."

"Pengo?"

Nikampa daftari. Akavaa miwani, akapitisha kidole safu kwa safu: 23, 23, 25, 23. Kidole kikasimama kwenye seva ya tatu.

"Hii umeiona?"

"Nimeiona. Filta naifungua Jumamosi, kabla kaskazi haijashika."

"Nitakuja na kisu," alisema, akaniachia daftari.